Nakala 3,104 za wizi: mtengenezaji mdogo wa gemu anapoteza nini hasa?

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma kompyuta chuoni alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi. Tulikuwa tunazungumzia ajira za vijana. Aliuliza kama mtu anaweza kuishi kwa kutengeneza gemu za kompyuta na simu hapa nyumbani, wakati kila stendi ina fundi anayeweza kukuwekea gemu yoyote kwenye flashi kwa shilingi elfu mbili. Zilikuwa zimebaki dakika tatu kabla ya taarifa ya habari, na swali lake halikuwa la dakika tatu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Tuanzie mbali kidogo, Australia, kwa sababu huko kuna kampuni ndogo iliyoamua kuupima wizi huu badala ya kuulalamikia tu.

Gemu iliyofilisika kwa makusudi

Mwishoni mwa Aprili 2013, ndugu wawili, Patrick na Daniel Klug wa kampuni ya Greenheart Games, walianza kuuza kwenye tovuti yao gemu yao ya kwanza, Game Dev Tycoon. Walikuwa wameifanyia kazi kwa zaidi ya mwaka mmoja. Bei ilikuwa dola 7.99.

Siku hiyo hiyo walipandisha wenyewe nakala nyingine ya gemu hiyo kwenye mitandao ya torenti, ambako watu hupakua vitu bila kulipa. Waliiweka kana kwamba ni nakala ya kawaida ya wizi, iliyovunjwa kufuli na mtu mwingine.

Katika gemu hii mchezaji huendesha kampuni ya kutengeneza gemu, akianzia gerejini hadi afike ofisi kubwa. Nakala ile ya bure ilifanana na ya halali isipokuwa kwa jambo moja. Baada ya saa kadhaa, mchezaji aliona ujumbe kwamba watu wengi wanaicheza gemu yake mpya lakini wameipakua bila kununua, na kwamba hali ikiendelea hivyo kampuni itafilisika. Kisha pesa zilianza kukauka. Alichotengeneza kilichezwa na wengi na hakikumlipa, mpaka kampuni yake ikafa.

Baadhi ya wachezaji hao walikwenda kwenye majukwaa ya mtandaoni kulalamika kwamba wezi wanawaharibia biashara. Wengine waliuliza kama ndani ya gemu kuna namna ya kubuni kinga dhidi ya wizi. Hawakujua kwamba walikuwa wanajisema wenyewe.

Kichekesho hicho kilizunguka dunia, lakini namba zake hazikuwa za kuchekesha. Baada ya siku moja, kampuni ilihesabu watumiaji 3,318. Walionunua walikuwa 214. Waliobaki, angalau 3,104, walikuwa na nakala ile ya bure. Ni asilimia 93.6.

Hesabu mbili zinazopingana

Tukizidisha, wanunuzi 214 wanaleta kama dola 1,700 kabla ya makato yoyote. Hizo ni pesa za siku ya kwanza baada ya zaidi ya mwaka wa kazi. Tukizidisha na wale 3,104, tunapata takriban dola 24,800. Mtu mwenye hasira atasema hizo ndizo zilizoibwa.

Hapo ndipo tunapotakiwa kwenda polepole. Mwaka 2008, Russell Carroll, aliyekuwa kampuni ya Reflexive ya Marekani, alieleza hadharani yaliyowapata na gemu yao ya Ricochet Infinity. Walikadiria kwamba asilimia 92 ya waliokuwa wakiicheza hawakulipa. Wakaimarisha makufuli yao hatua kwa hatua na kufuatilia mauzo. Walipopima matokeo, waliona kwamba kwa kila nakala 1,000 za wizi walizozizuia, waliongeza mauzo ya nakala moja tu.

Tukichukua kipimo hicho na kukiweka kwenye namba za Greenheart, wale watu 3,104 wangetoa wanunuzi watatu, yaani kama dola 24. Kwa hiyo hasara ya siku ile iko mahali fulani kati ya dola 24 na dola 24,800. Ni tofauti kubwa mno, na ndiyo sababu mabishano kuhusu uharamia wa programu hayaishi. Kila upande huchukua namba inayoupendeza.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Miongoni mwa wanaopakua bila kulipa kuna mtoto wa shule asiye na pesa wala kadi ya benki. Kuna mtu anayekusanya gemu 200 na kucheza tano. Kuna aliyetaka kuonja tu. Ukiwafungia mlango, wengi wao hawageuki kuwa wateja. Wanakwenda kutafuta kingine cha bure.

Hata utafiti ulioagizwa na Tume ya Ulaya, uliokamilika 2015 na kujulikana hadharani 2017, haukupata ushahidi madhubuti kwamba upakuaji haramu hupunguza mauzo kwa ujumla, isipokuwa kwa filamu mpya kubwa. Kwa upande wa gemu, matokeo yalielekea hata kinyume.

Basi je, wizi huu hauna madhara? Hapana. Ila wastani huo unachanganya kampuni yenye wafanyakazi maelfu na kijana mwenye kompyuta moja chumbani, na hawa wawili hawaumii sawa.

Kwa nini mdogo anaumia tofauti

Jambo la kwanza ni muda. Gemu mpya ina tabia ya maandazi ya asubuhi, huuzika yakiwa ya moto. William Volckmann wa Chuo Kikuu cha North Carolina, katika utafiti uliotoka 2024, alichunguza gemu 86 zilizokuwa na kinga inayoitwa Denuvo. Aligundua kwamba gemu ambayo kufuli lake limevunjwa wiki ya kwanza hupoteza kwa wastani kama asilimia 20 ya mapato. Likivunjwa baada ya wiki 12, hasara inakaribia sifuri. Kampuni kubwa hulipia kinga hiyo ili inunue wiki hizo chache za mwanzo. Mtengenezaji mdogo hana pesa hizo, kwa hiyo nakala ya gemu yake hupatikana bure siku ile ile anayoitoa, kama ilivyokuwa kwa World of Goo.

World of Goo ilitengenezwa na watu wawili, Kyle Gabler na Ron Carmel, waliokuwa wameacha kazi kampuni kubwa ya Electronic Arts. Ilitoka Oktoba 2008, ikasifiwa sana. Waliamua kutoiwekea kufuli lolote. Mwezi uliofuata walikadiria kwamba takriban asilimia 90 ya nakala zilizokuwa zikichezwa zilikuwa za wizi. Wao wenyewe waliilinganisha namba hiyo na ile ya Ricochet: yenye kufuli asilimia 92, isiyo na kufuli asilimia 90. Kwa mdogo, kufuli halikuonekana kubadili jambo.

Jambo la pili ni kwamba kampuni kubwa ikipata hasara kwenye gemu moja, ina nyingine kumi. Mdogo ana moja. Mapato ya miezi michache ya kwanza ndiyo kodi ya nyumba, na ndiyo mtaji wa gemu ya pili. Wengi hawafiki kwenye gemu ya pili.

Jambo la tatu ni gharama zisizoonekana. Aliyepakua nakala mbovu bado huandika malalamiko na kutoa nyota moja. Akiunganishwa na seva ya kuhifadhi alama za wachezaji, anaitumia kama wengine, na mwenye gemu ndiye anayeilipia.

La nne ndilo ninaloliona kubwa zaidi: wizi unabadilisha aina ya gemu zinazotengenezwa. Mwaka 2012, Madfinger Games ya Jamhuri ya Czech ilikuwa inauza gemu ya simu, Dead Trigger, kwa senti 99 za dola. Bei hiyo ndogo haikusaidia. Kampuni ilisema wizi kwenye simu za Android ulikuwa mkubwa kupita kiasi, ikaifanya gemu kuwa ya bure na kutegemea vitu vinavyouzwa ndani yake. Januari 2015, watengenezaji wa Monument Valley walitangaza kwamba ni asilimia 5 tu ya gemu zao zilizowekwa kwenye simu za Android ndizo zilizolipiwa, dhidi ya asilimia 40 kwenye simu za iPhone. Walifafanua kwamba si wote waliobaki walikuwa wezi, kwani mtu mmoja anaweza kuiweka kwenye vifaa viwili. Hata hivyo picha ilikuwa wazi.

Matokeo yake tunayaona kila siku kwenye simu zetu. Gemu unayoinunua mara moja na kuimaliza kwa raha zako imekuwa adimu. Zilizojaa ni za bure, zenye tangazo kila dakika mbili na vishawishi vya kununua sarafu na almasi. Biashara hiyo inahitaji mamilioni ya wachezaji ili ilipe. Mwenye wachezaji 5,000 angeweza kuishi kwa kuuza nakala. Kwa matangazo hapati hata pesa ya bando. Na hata huko haponi, kwa sababu kuna wanaochukua gemu ya bure, kuondoa matangazo ya mwenyewe, kuweka ya kwao, na kuisambaza upya.

Mtaani kwetu gemu ya wizi si ya bure

Sasa turudi nyumbani. Baada ya ile simu nilikwenda kuzungumza na fundi mmoja ninayemfahamu, mwenye kibanda cha kurekebisha simu na kompyuta. Nilimuuliza kuhusu gemu anazowawekea watu. Hakukasirika. Alinieleza kwamba yeye hauzi gemu, anauza kazi yake ya kuiweka. Anatumia bando lake kupakua, umeme wake, na muda wake. Mteja analipa shilingi elfu mbili na anaondoka ameridhika.

Maelezo yake yalinifungua macho. Katika nchi nyingi tajiri, anayepakua gemu ya wizi halipi mtu. Kwetu analipa. Anamlipa fundi. Analipa bando. Kijana anayecheza kwenye kibanda cha PlayStation analipa kwa kila mechi, kwenye mashine iliyochipiwa ili isome diski za wizi. Pesa zinatoka mfukoni mwa mchezaji kila siku, ila hazimfikii aliyetengeneza gemu.

Jambo hili lina ndugu yake huko nje. Kuna masoko ya mtandaoni yanayouza funguo za kufungulia gemu kwa bei ya chini, na watengenezaji wadogo wamelalamika kwamba baadhi ya funguo hizo zimenunuliwa kwa kadi za benki zilizoibwa. Mwenye kadi akidai pesa zake, mtengenezaji ndiye anayekatwa. Mwaka 2017, kampuni ndogo ya Poland, Acid Wizard Studio, ilichoshwa na biashara hiyo, ikaiweka gemu yake ya Darkwood bure kwenye mtandao wa torenti. Ujumbe wao ulikuwa kwamba kama huna pesa, chukua bure, lakini usimlipe mtu wa kati ambaye hakufanya kazi yoyote.

Wapo wanaosema Mwafrika hapendi kulipia vitu vya mtandaoni. Sikubaliani nao. Vijana hao hao wanaowekewa gemu na fundi, wengi wao hununua almasi za Free Fire, wakimtumia wakala pesa kwa simu. Wanalipa kwa sababu kiasi ni kidogo, na kwa sababu njia ya kulipa ni ile ile wanayonunulia unga. Gemu ya dola 8 ni takriban shilingi elfu 20 za Tanzania, mara kumi ya bei ya fundi, na dukani kwake mara nyingi unaombwa kadi ya benki. Hata mwenye elfu 20 mkononi anaweza kukosa pa kuipitishia.

Kwamba bei peke yake haielezi kila kitu kulionekana wazi Mei 2010, huko Marekani, pale kampuni ya Wolfire Games ilipouza kifurushi cha gemu ndogo kilichoitwa Humble Indie Bundle. Mnunuzi alijipangia bei mwenyewe, hata senti moja. Kifurushi kilikusanya zaidi ya dola milioni moja. Pamoja na hayo, Wolfire ilikadiria kwamba karibu robo ya upakuaji haukulipiwa hata hiyo senti. Wapo watakaochukua bure kwa vyovyote vile. Lakini wengi, wakipewa bei wanayoiweza na njia rahisi, walilipa.

Hapa Afrika kuna walioligundua hilo mapema. Carry1st ya Afrika Kusini imejijenga kwa kuwawezesha wachezaji wa Afrika kulipia gemu kwa njia wanazozitumia kwao. Kenya, tangu Juni 2022, mtumiaji wa M-Pesa anaweza kupata kadi ya Visa ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi yake ya simu. Mlango umeanza kufunguka, ingawa wengi bado hawajui kwamba upo.

Waliotangulia na sheria iliyopo

Kijana wetu asidhani anaanza peke yake. Wesley Kirinya wa Kenya alitengeneza The Adventures of Nyangi miaka mingi iliyopita, kabla ya kuanzisha Leti Arts mwaka 2009 pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Andrew Kaggia aliutengenezea mji wa Nairobi gemu ya mapigano, Nairobi X. Huko Yaoundé, Cameroon, kampuni ya Kiro'o Games iliingiza gemu yake ya Aurion kwenye duka la Steam Aprili 2016, ikiwa imesaidiwa na michango ya watu kupitia mtandao. Hawa wote walilazimika kutafuta soko mahali ambapo njia za kulipa zilikuwa chache.

Sheria nayo ipo. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayolinda pia programu za kompyuta, na ofisi ya COSOTA inayoisimamia. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na bodi ya KECOBO. Uganda ina yake ya 2006. Mwenye gemu anaweza kusajili kazi yake na kudai haki.

Lakini tuseme ukweli. Kuwafukuza mafundi wa stendi mmoja mmoja hakutamlisha mtengenezaji wa gemu. Ukimfunga mmoja, kesho kuna mwingine chini ya mwembe. Na fundi huyo ndiye anayejua wateja wanataka gemu gani, simu zao zina nafasi kiasi gani, na wako tayari kulipa kiasi gani.

Tumjibu nini kijana aliyepiga simu?

Kwanza, usipoteze usiku wako kutengeneza makufuli. Waliojaribu wenye uwezo kuliko wewe waliishia asilimia 92. Muda huo uweke kwenye gemu.

Pili, usihesabu kila nakala ya wizi kama shilingi iliyotoka mfukoni mwako. Utakata tamaa bure. Hesabu wale 214 walionunua. Greenheart hawakufa kama kampuni ya kwenye gemu yao. Habari ile iliwatangaza, Agosti 2013 gemu ikaingia Steam, na hadi leo inauzwa. Ila ujanja ule haurudiwi. Wa kwanza tu ndiye anayeandikwa magazetini.

Tatu, mfanye fundi awe wakala wako. Haya ni maoni yangu, na najua yatawaudhi baadhi ya watu. Kama mteja anatoa elfu mbili, mpe fundi nakala halali ya kuweka, yeye abaki na sehemu yake na wewe utumiwe yako kwa simu. Vocha za muda wa maongezi zilienea nchi nzima kupitia vibanda vya namna hiyo hiyo.

Nne, linawahusu walio juu yako. Kampuni za simu na maduka ya gemu ndizo zinazoweza kuweka kitufe cha kulipa kwa pesa za simu, na kukata kiasi kisichommaliza mtengenezaji. Wizara zinazohimiza vijana wajiajiri kwa teknolojia zingeanza kwa kuwabana hapo.

Nasi wachezaji tuna sehemu yetu. Gemu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi na programu za kuiba nywila, na kusafisha kompyuta kunaweza kukugharimu kuliko bei ya gemu. Lakini hata kama ingekuwa salama kabisa, aliyeitengeneza anaweza kuwa ni huyu kijana aliyetupigia simu asubuhi ile. Anahitaji watu mia mbili wa kumlipa kidogo kidogo ili atengeneze gemu ya pili. Pesa hizo tayari tunazitoa kila siku. Bado tu hazijaonyeshwa njia ya kumfikia.